Nilivyopeleka Posa ya Likoni hadi Uhispania

Tangu nirudi sijapata kumaliza kikombe cha chai kingali moto. Nikiketi tu, mtu ananijia: "Mwalimu Charo, hebu tueleze, ilikuwaje huko?" Nimeeleza kanisani, nimeeleza kwa kinyozi, nimeeleza darasani kwangu Frere Town mpaka wanafunzi wakasahau somo. Sasa naandika, kila mmoja ajisomee mwenyewe, nami ninywe chai yangu.

Wasionijua wanijue. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, na sikusomeshwa na mjomba wala mheshimiwa yeyote. Nilitandika vitanda vya hoteli kule Ghuba kwa miaka, nikilala chumba kimoja na vijana wa Amerika ya Kusini. Hao ndio walionitia Kihispania mdomoni. Niliporudi nyumbani nilijilipia chuo kwa akiba yangu, nikatoka na diploma. Imetundikwa sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa hata akiwa na haraka. Leo nawafundisha Kihispania waongoza watalii na wahudumu wa hoteli. Katika ukoo wetu mzima hakuna mwingine anayekijua. Haya siyasemi kwa kujisifu. Au tuseme ni kwa kujisifu kidogo, lakini pia ndiyo sababu ya safari yenyewe.

Dada yangu Kadzo ana mwana aitwaye Karisa, fundi wa mafriji, mwenye kibanda chake cha kazi Changamwe. Karisa alipendana na Lucía, binti wa Kihispania aliyekuja kuwanyoosha viungo watoto katika zahanati moja karibu na Shelly Beach. Lucía alikaa kwetu hata akakijua Kiswahili cha kununua samaki, na cha kugombana na muuza samaki pia. Kazi yake ilipokwisha alirudi kwao, lakini walikuwa wamekwisha kuahidiana ndoa. Jambo moja tu lilibaki. Lucía alilelewa na bibi yake, na alimwambia Karisa waziwazi: "Bibi akikataa, mimi sitaweza."

Karisa akataka kwenda kuzungumza na huyo bibi mwenyewe. Kadzo akasikia.

"Aende peke yake? Kwani anaenda kununua kuku?" akasema dada yangu. "Mwanangu hana wazee? Mke huposewa. Wewe Charo ndiye mjomba, na ndiye mwenye hicho Kihispania unachotuchosha nacho kila Krismasi. Utakuwa mshenga. Na wewe Karisa, mkifika kwa watu, mdomo ufunge. Kijana akijiposea na mjomba wake yupo, amemvua mjomba nguo mbele za watu."

Habari za viza na tiketi siziandiki. Hazina utamu.

Likoni hadi Changamwe

Tuliondoka asubuhi na mzigo wa posa: halua ya kwetu, achari ya maembe, korosho, na jozi ya leso aliyoichagua Kadzo baada ya kumtoa jasho mwenye duka. Alisema atatusindikiza mpaka uwanja wa ndege, maana hakutuamini na ile halua.

Feri ikatuweka. Ilikuwa imejaa, mlango umefungwa, lakini haiendi. Watu wakaanza kulalamika. Mimi sikulalamika. Mwalimu hapotezi muda. Nilimsimamisha Karisa kando ya reli nikaanza somo, asifike ugenini akashindwa hata kuomba maji.

"Mhispania akijitendea jambo mwenyewe, lazima aonyeshe," nikamwambia. "Ukiosha gari, unasema *lavo*. Ukijiosha wewe, unasema *me lavo*."

"Hiyo *me* ndiyo *ji* yetu, mjomba."

"Ndiyo, ila sisi *ji* yetu ni moja kwa watu wote. Najiosha, unajiosha, anajiosha. Ya kwao hubadilika kumfuata mtu. *Me* ni yangu mimi, *te* ni yako wewe, *se* ni yake yeye na yao wao, *nos* ni yetu, *os* ni yenu. *Me lavo, te lavas, se lava.* Na yetu hukaa ndani ya kitenzi. Yao mara nyingi hutangulia mbele, peke yake, kama askari wa msafara."

Kadzo alikuwa akisikiliza huku akimenya chungwa. "Watu kujiosha tu wanahitaji *ji* zote hizo za nini?"

"Si kuosha tu, dada. Hata kuketi. Wao mtu hujiketisha. Ukimkaribisha mgeni unamwambia *siéntate*."

"Mgeni ajiketishe mwenyewe?" Akanitazama kama nimemtukana mtu. "Hakuna wa kumvutia kiti? *Sién-ta-te*. Maskini."

Feri ikanguruma, ikaondoka. Tulipofika uwanjani Changamwe, Kadzo alimshika Karisa sikio kama mtoto wa shule ya msingi.

"Mdomo," akasema.

"Naam, mama."

Addis Ababa, tulipokwama

Ndege yetu ya pili haikuondoka. Walisema kesho. Tukapewa chakula, injera kubwa kama kitambaa cha meza na mchuzi wa dengu katikati, tukala kwa mkono kwa raha mustarehe. Karisa alipomaliza alimwuliza mhudumu, kwa heshima zote, kama ugali utachelewa sana.

Katika ukumbi wa kusubiri aliketi karibu nasi mama mmoja wa Kolombia, mnunuzi wa kahawa, jina lake Pilar. Nilimsalimu kwa Kihispania, akaruka kwa furaha. Nikamsukuma mwanafunzi wangu mbele.

"*Llamo Karisa*," akasema Karisa.

Bi Pilar akageuka kutazama nyuma. Alidhani kuna Karisa mwingine anayeitwa, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa: "Namwita Karisa."

"*Me llamo!*" nikamsahihisha. "Wao hujiita."

"Mimi sijiiti, mjomba. Mimi naitwa. Jina nilipewa na babu."

Nilimfasiria Bi Pilar maneno hayo, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kwao kila mtu hujiita, hata kama jina alipewa na babu. Tangu hapo akawa msaidizi wangu wa darasa. Akiigiza kuchana nywele, Karisa asema *se peina*. Akijifanya anashikwa na usingizi, *se duerme*. Abiria wengine wakaanza kutazama, na bwana mmoja Mhabeshi akawa anajibu kabla ya Karisa.

Lakini Karisa si mtu wa kumeza bila kutafuna. "Mjomba, kujiosha naelewa. Kujichana naelewa. Lakini umenifundisha *me voy*, naondoka. Mtu akiondoka anajitendea nini?"

Wallahi, swali hilo wanafunzi wangu wote walikuwa wakinibana nalo, nami nikiwajibu: "Ndivyo ilivyo, kariri." Nilikuwa nikitafuta namna ya kusema hivyo tena, ndipo ndege ya Bi Pilar ikatangazwa. Akainuka, akatukumbatia wote wawili, akasema, "*Bueno, me voy*."

"Anaenda zake," Karisa akasema taratibu.

Nikashika kichwa. Anaenda zake! Naenda zangu, waenda zako, aenda zake. Hizo *zangu* ni zipi? Mali gani? Hakuna kitu. Ni mtu tu ameshika njia yake, na neno linamfuata mwendaji mwenyewe. *Me voy, te vas, se va.* Sisi watu wa pwani tunalisema tangu utotoni, na hakuna kitabu nilichosoma chuoni kilicholiweka hivyo. Tumeligundua wenyewe, mwalimu na mwanafunzi, katika ukumbi wa kusubiri, na sasa ndivyo linavyofundishwa Frere Town. Mkisikia mwalimu mwingine analitumia, mjue limetoka wapi.

Nikampa zoezi ambalo kila anayejifunza Kihispania hupewa: ieleze siku yako nzima. *Me despierto*, naamka. *Me levanto*, nainuka. *Me ducho*, naoga. *Me visto*, navaa. *Me voy*, naenda zangu kazini. *Me acuesto*, najilaza. Alilikariri mpaka wahudumu wa ndege wakawa wanamwambia *me levanto* walipotaka kupita.

Madrid, mbele ya forodha

Ofisa wa forodha alifungua begi, akatoa halua, akaibonyeza kwa kidole. Ikarudi. Akaibonyeza tena.

"Hii ni nini? Gundi?"

"Ni chakula, bwana. Cha posa."

"Posa ya nani?"

"Ya huyu." Nikamwonyesha Karisa, ambaye alikuwa ameinamisha macho kama bwana harusi anavyopaswa, jambo ambalo mbele ya forodha halimsaidii mtu. Ofisa alizidi kumshuku. Nikakata kipande nikala mbele yake. Akamega kidogo, akatafuna. Kisha akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita bibi mmoja wa meza ya pili. Tulipofunga begi, halua ilikuwa imepungua na urafiki umeongezeka. Wote watatu walitutakia harusi njema.

Basi la kwenda kusini

Kutoka Madrid tulipanda basi kuelekea kijijini kwa bibi. Nje ni vilima, na vilima vyote vimepandwa mizeituni kwa mistari, kama nywele zilizosukwa. Kila kituo akipanda mtu mzima, Karisa husimama na kumpa kiti chake. Mama mmoja mwenye miwani myeusi alikataa katakata.

"Ananiona mzee kiasi gani huyu?" akaniuliza kwa ukali.

Nilimweleza kwamba kwetu kijana hakai mkubwa akasimama. Akanitazama, akamtazama Karisa, akaketi. Baadaye akatupa mkate wenye nyanya iliyopondwa na mafuta ya zeituni, akasema angekuwa na binti, tungeshukia kwake.

Mezani kwa Bibi Carmen

Lucía alitupokea kituoni akilia na kucheka. Bibi Carmen alitupokea mlangoni bila kufanya lolote kati ya hayo. Ni mwanamke mfupi, mwenye nywele nyeupe na aproni ya maua, na macho yanayokupima suti mpaka bitana.

Chakula kilikuwa tayari. Supu nyekundu ya nyanya ikaletwa, baridi kama maji ya mtungi. Karisa na mimi tukaisubiri ipelekwe jikoni ipashwe. Bibi naye akatusubiri tuanze. Tukatazamana. Lucía ndiye aliyetuokoa: "Huliwa hivyo hivyo!" Tukainywa, na ilikuwa tamu. Baadaye ikaja keki ya mayai na viazi, nene kama mto.

Nikasimama. Nilivaa suti yangu ya kijivu. Nikatoa halua iliyosalia, achari, korosho na leso, nikahutubu. Niseme ukweli, ilikuwa hotuba nzuri, Kihispania kilitiririka. Nikasema tumetoka mbali, tumeona ua bustanini mwake, tunaomba ruhusa ya kulichuma. Nikaeleza ukoo wetu, kanisa letu, kazi ya Karisa, tabia ya Karisa, afya ya Karisa.

Bibi Carmen akamnyooshea Karisa kijiko. "Na huyu? Anaumwa koo?"

"Hapana, bibi. Ni mzima kabisa."

"Kijana, unampenda mjukuu wangu?"

Karisa akainamisha macho zaidi. Alitazama bakuli la supu kana kwamba jibu limezama humo. Nikajibu mimi: "Anampenda sana."

"Sikukuuliza wewe. Lucía ataolewa na nani hapa, na huyu au na wewe mwenye suti?"

Nikamweleza kwamba kwetu kijana hajiombei mke, huombewa, na kunyamaza kwake ndiyo heshima. Lucía akataka kusema neno, nami nikamkonyeza anyamaze, kwa sababu bibi harusi pia hajisemei. Bibi aliona tunavyokonyezana. Akaweka kijiko mezani, akavua aproni.

"Mwanamume asiyeweza kusema anachotaka, kesho atajifungaje vifungo? Mimi naenda kulala." Akaenda zake.

Lucía alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. "Hulala kila siku baada ya chakula," akasema. "Lakini leo hakumaliza supu. Siku zote humaliza supu."

Karisa akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, niruhusu niseme."

"Mimi nikuruhusu? Aliyekufunga mdomo ni mama yako."

Tukatoka uani, tukampigia Kadzo simu ya video. Alitokea amejitanda leso, uso umejaa kioo. "Wamekubali?"

"Dada, huku anayetaka mke hujiposea."

"Ajiposee? Kwani yatima?"

"Bibi anadhani mwanao bubu. Anadhani nimemleta kwa nguvu."

Kadzo akanyamaza. Kwa wasiomjua dada yangu, hilo ni tukio kubwa. Kisha akasema, "Huyo bibi amemlea msichana peke yake?"

"Peke yake."

"Ndiyo maana. Mtu aliyebeba mtoto kwa mkono wake hamtoi kwa kumpitisha dirishani." Akavuta pumzi. "Haya, Karisa, nimekufungua mdomo. Lakini umsalimu kwanza. Na Charo asikusaidie hata neno moja. Umesikia, Charo?"

"Nimesikia."

"Hata moja!"

Kahawa ya jioni

Bibi Carmen alirudi amejichana nywele, akaketi, akatia kahawa. Karisa akainuka. Nilibana midomo. Kwa mwalimu, hiyo ni adhabu.

"Shikamoo," Karisa akasema, kwa sababu hakujua salamu nyingine ya kumtosha. Kisha kwa Kihispania, taratibu, neno baada ya neno, akasema maneno aliyokuwa nayo. Na aliyokuwa nayo ni zoezi langu.

"Ninaitwa Karisa," akaanza, na *me* akaiweka mahali pake. "Naamka mapema. Nainuka. Naoga. Navaa. Naenda zangu kazini. Natengeneza friji. Narudi. Napika mwenyewe." Akasita. Hapo ndipo zoezi husema mtu hujilaza, basi, limekwisha. Lakini yeye hakujilaza. "Nyumbani, Lucía hayupo. Najiosha, peke yangu. Naketi, peke yangu. Najilaza, peke yangu. Kesho naamka, naoga, navaa, peke yangu. Kila siku." Akamtazama bibi machoni, jambo ambalo Kadzo hakumruhusu, nami sijamwambia mpaka leo; akisoma hapa, basi, atajua. "*Queremos casarnos*," akasema. Tunataka kuoana.

Kwao neno hilo haliwagawi watu. Kwetu mmoja huoa, mwingine huolewa, wazee huozesha. Wao wote wawili hujitia ndoani wenyewe, na *nos* huwafunga pamoja mwishoni mwa neno. Karisa alimwonyesha Lucía alipolitamka, kisha akajionyesha yeye, bibi asikose kuelewa.

Bibi Carmen alikoroga kahawa isiyo na sukari. "Unajipikia mwenyewe?" akauliza.

"Sí."

"Nini?"

Karisa hakujua jina la wali wa nazi kwa Kihispania, akanitazama. Nikatazama ukuta. Lucía akacheka kwa machozi, akasema yeye, na bibi akacheka pia, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Nikajua tumepata.

Akanigeukia. "Wewe mwenye suti. Binti yangu, mama yake Lucía, alinipigia simu kuniambia amekwisha kuolewa. Hakuna aliyekuja mlangoni kwangu na peremende hata moja. Nyinyi mmevuka dunia kuniletea hii gundi." Akamega halua. "Niambie, kwenu jibu hutolewa siku hiyo hiyo?"

Hapo ningeweza kudanganya. Lakini mshenga hadanganyi. "Hapana, bibi. Wenye binti hushauriana, kisha huleta jibu wenyewe."

"Vizuri," akasema, akafunga ile halua vizuri na kuipandisha juu ya kabati. "Basi nami sitoi leo."

Kurudi, na siku ya jibu

Tulirudi mikono mitupu. Kadzo alituchambua tangu mlango wa uwanja wa ndege hadi kwenye feri: nimetumwa kuleta jibu, nimeleta chupa ya mafuta ya zeituni. Karisa alikuwa akienda kazini na kurudi, na mafriji ya Changamwe yaliugua kwa huzuni yake.

Kisha Lucía akatuma ujumbe: wanakuja. Wawili.

Nikawapokea uwanjani. Bibi Carmen alitoka amejifunga leso ya Kadzo kiunoni juu ya suruali, na begi lake limejaa vyakula. Ofisa wa forodha alipouliza kuna nini ndani, alimjibu kwa Kihispania kwa sauti ya juu, na sijui kwa nini akamruhusu. Kwenye feri alisimama mahali palepale niliposimama na Karisa, midomo yake ikicheza. Nilidhani anasali.

Nyumbani Likoni jamaa wote walikuwa wamekaa. Kadzo amesimama katikati ya sebule, mikono imefumbatana, na Karisa nyuma yake amesahau kupumua. Nikakohoa, nikarekebisha tai, nikajiandaa kutafsiri.

Bibi Carmen akaniwekea kiganja mdomoni. Hakunigusa kwa upole.

"Nimejileta mwenyewe," akasema kwa Kiswahili, neno baada ya neno, kama mtu avukaye mto juu ya mawe. "Jibu ni ndiyo."

Vigelegele vilipanda mpaka majirani wakatoka. Kadzo hakupiga. Alimtazama yule mwanamke mfupi aliyetoka mbali kwa miguu yake mwenyewe, akavuta kiti kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba, akakifuta kwa ncha ya leso.

"*Siéntate*, mama," akasema.

Bibi akaketi. Kadzo akaketi kando yake, magoti yakigusana, wakaanza kuzungumza, kila mmoja kwa lugha yake, wakishikana mikono na kuonyeshana watoto. Nilisogea nisaidie. Hakuna aliyehitaji msaada. Nikaeleza kwamba nina diploma.

"Charo," dada yangu akasema bila kugeuka, "sukari imekwisha."

Nikaenda zangu.